Kopo Halifungui Nati

Simama nusu saa kwenye duka lolote la vipuri Gerezani, Dar es Salaam, au kule Grogan, Nairobi, na swali utalisikia tu: "Kali zaidi ni ipi?" Mteja ana nati iliyokamata kutu, gari liko juu ya jeki, fundi amemtuma dawa ya kupuliza. Muuzaji hana shida na swali hilo. Anashusha makopo matatu, anayapanga kwa bei, kisha analiapia lile la bei ya juu. Mteja analipa, anarudi gereji, fundi anapuliza mpaka bolti inachuruzika, anavuta pumzi mara mbili, anaweka spana, anachomeka paipu ya kurefushia na kuning'inia. Bolti inakatika shingo. Hukumu hutolewa papo hapo: dawa ilikuwa feki, au haikuwa kali, kesho itafutwe nyingine.

Imani hiyo imeenea kuanzia kwa mafundi wa bajaji hadi kwenye karakana za malori, na nina ugomvi nayo. Inasema nati hufunguliwa na dawa, kwa hiyo kazi ya mtu mwenye akili ni kuchagua dawa bora. Mimi nasema nati hufunguliwa na mtikisiko, joto na subira. Mafuta ni msaidizi wa hao watatu, na jina lililoandikwa kwenye kopo ndilo jambo dogo kuliko yote katika shughuli nzima. Kama una saa moja na fedha ya kopo moja, usiimalizie saa hiyo dukani.

Tuanze na adui mwenyewe. Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka kutu, na kutu haitoshei katika nafasi ya chuma kilicholiwa. Kwa uchache hutaka nafasi mara mbili, na ile ya tabaka tabaka yenye maji ndani yake huweza kufika hata mara sita. Sasa chukua bolti ya milimita 12 na nati yake. Zilipotoka kiwandani palikuwa na upenyo mwembamba kati yake, ndiyo maana nati ilizunguka kwa vidole. Kutu imeujaza upenyo huo, kisha ikaendelea kusukuma pande zote mbili. Nati haikukwama kwa kukosa mafuta, imepigwa kabari. Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, upepo wa bahari huleta chumvi inayoharakisha kazi hiyo. Juu ya hapo kuna magari yaliyotumika yanayotoka Japani, ambako mikoa ya kaskazini kama Hokkaido hutia chumvi barabarani msimu wa theluji. Ndiyo maana gari huweza kushuka bandarini na bodi inayong'aa juu na bolti zilizooza chini.

Dhidi ya kabari hiyo, kopo lina nini? Soma karatasi za usalama za makopo haya na utakuta ni ukoo mmoja: vimumunyisho vya petroli vinavyokauka haraka, mafuta mepesi ya madini, na gesi ya kusukuma. Yanatofautiana vipimo, harufu na viongezo vichache. Hakuna hata kimoja humo kinachokula kutu. Kinachokula kutu ni asidi: siki, asidi ya fosforiki iliyomo hata kwenye Coca-Cola, na dawa za kuchovyea vyuma. Nazo zinataka chuma kilale ndani yake saa nyingi, pengine siku, na Hiace haichovywi kwenye beseni. Lile tangazo la "huondoa kutu" ubavuni mwa kopo la mafuta, tulisome kama tunavyosoma ahadi za wagombea.

Mafuta mepesi yana kazi yake, na siidharau. Mwanya ukiwa mwembamba, kimiminika chepesi huvutwa ndani chenyewe, hata kwa kupanda juu. Kikifika huko hulowanisha unga wa kutu ili siku utakapovunjika usisage uzi wa bolti, uteleze. Lakini yaangalie masharti: lazima pawe na mwanya, na lazima pawe na muda. Kutu iliyojaa haina mwanya mpaka kitu kiipasue, na kupenya ndani ya uzi uliojaa unga si kazi ya dakika mbili. Fundi anayepuliza na kuvuta hapo hapo amelowesha nje tu.

Hapo ndipo hujitokeza kundi la pili, la wanaojiona wameelimika zaidi. Hawa husema tatizo ni watu kununua WD-40, ambayo "si mafuta", ni ya kufukuza maji. Wangetafuta dawa ya kupenya ya kweli, mambo yangekuwa mengine. Wana nusu ya ukweli. WD-40 ilitengenezwa 1953 na kampuni ndogo ya San Diego, California, iliyoitwa Rocket Chemical Company, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuulinda mwili wa kombora la Atlas usipate kutu. Madukani iliingia 1958. Sehemu kubwa ya kilichomo ni vimumunyisho vinavyoruka hewani, kwa hiyo mafuta yanayobaki ni utando mwembamba. Mpakie mwenye baiskeli mnyororo wake kwa dawa hiyo, na baada ya siku chache za vumbi mnyororo utaanza kulia tena. Yote hayo ni kweli. Ila kutoka hapo kwenda kusema haisaidii lolote kwenye nati ni porojo, na ushahidi dhidi ya porojo hiyo wameuleta wenyewe.

Ipo orodha ya namba ambayo wabishi hawa huirusha simu kwa simu. Inatokana na jaribio lililochapishwa 2007 na jarida la Kimarekani la Machinist's Workshop: vyuma vilioteshwa kutu, kila kimoja kikapewa dawa yake, ikapimwa nguvu ya kuking'oa. Bila dawa yoyote, pauni 516. WD-40, 238. PB Blaster, 214. Liquid Wrench, 127. Kroil, 106. Na mshindi, mchanganyiko wa nyumbani wa oili ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu: 53. Kuna watu hawajawahi kufungua hata nati ya kitanda, lakini hizo namba wanazo kichwani.

Isome tena bila ushabiki. Dawa inayodharauliwa kuliko zote imepunguza kazi kwa zaidi ya nusu. Kati yake, inayopatikana kila kona, na PB Blaster, ambayo huku lazima uisake, tofauti ni pauni 24. Na hayo ni matokeo ya karakana moja, mezani, kwa kutu iliyooteshwa makusudi, si ya bolti iliyoshinda miaka kumi chini ya gari la Tanga. Mshindi naye ana visa vyake. Asetoni na oili hiyo hazielewani, zikikaa hujitenga, na ukimimina bila kutikisa unapaka asetoni tupu. Mvuke wa asetoni hushika moto hata kwenye nyuzi joto 20 chini ya sifuri, seuze mchana wa Dar es Salaam. Hula rangi na plastiki. Kuipigia debe dawa hiyo kwa fundi aliyeshika kichomeo cha gesi ni kumtakia mabaya.

Kisha kuna makopo ya kugandisha, yanayouzwa kwa hoja kwamba bolti ikipozwa ghafla husinyaa na kutu ikapasuka. Loctite wanalo moja linalojinadi kufika nyuzi joto 43 chini ya sifuri. Hesabu yake haihitaji shahada. Chuma hutanuka au kusinyaa takriban sehemu 12 kwa kila milioni kwa kila nyuzi joto moja. Bolti ya milimita 12 ikitoka kwenye nyuzi 30 za kwetu mpaka huko chini, kipenyo chake kinapungua milimita 0.01, na hiyo ni kama baridi imefika hadi moyoni mwa bolti, jambo ambalo mipulizo michache haiwezi. Sasa chukua moto, uipashe nati (nati, si bolti) kwa nyuzi 300 zaidi. Tundu lake linapanuka milimita 0.04. Mara nne. Ukiendelea mpaka wekundu hafifu, mara nane. Moto unashinda hapa kabla hatujataja chapa ya mtu.

Na moto una rafiki ambaye hana tangazo: mshumaa. Nati ikiwa imepata joto la kuyeyusha nta, gusisha mshumaa kwenye ukingo wake na utaona nta ikizama ndani ya uzi. Mafundi wa zamani wa mashine wanalijua jambo hili. Ni mshumaa uleule wa duka la mtaani, hauna kofia nyekundu wala mrija wa kupulizia, na ndiyo sababu hakuna atakayekulipa ukauelezee redioni.

Simwambii mtu achome kila kitu. Moto hauendi karibu na tangi la mafuta, paipu za breki, bushi za mpira, wala shokapu yenye gesi ndani, kwa kuwa hiyo huweza kulipuka. Bolti iliyopakwa zinki ikipata moto hutoa mafusho yanayomlaza mtu na homa. Na zipo dawa za kusafishia breki zenye klorini ambazo zikikutana na moto hutoa fosijini, gesi ya sumu iliyotumika kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hapa kweli inafaa kusoma kopo, na kulisoma lote. Ajabu ni kwamba anayeshinda dukani akilinganisha ukali wa dawa ndiye huyohuyo anayepuliza kopo lenye alama ya moto juu ya nati nyekundu.

Kuna bolti ambazo kopo halizifikii kabisa, na hapa napenda kukaa kidogo. Itazame bolti ya chini ya shokapu. Inapita ndani ya bomba dogo la chuma lililo katikati ya bushi ya mpira. Nati yake inafunguka bila matata, watu wanashangilia, kisha bolti haitoki. Kilichoshika ni shina: bolti na bomba la bushi vimeota kutu vikawa kitu kimoja, kwa urefu wa sentimita kadhaa. Mafuta yana milango miwili tu, huku na huku, na katikati hayafiki. Ukizungusha bolti, bomba linazunguka nayo, mpira unajisokota na kurudi, na nguvu zako zote zinaishia kwenye mpira.

Nimeona makopo mawili yakimalizwa juu ya bolti kama hiyo katika gereji moja, asubuhi moja. Fundi mzee aliyeitwa mwishoni hakugusa kopo la tatu. Alirudishia nati mpaka ikalingana na ncha ya bolti ili uzi usibondeke, akaweka kipande cha shaba juu yake, akapiga kwa nyundo nzito mapigo mafupi, akisikiliza. Bolti haikusogea hata unywele. Alitikisa kichwa, akaomba grainda, akaikata pande zote mbili kwenye upenyo kati ya bushi na mkono wa chuma. Shokapu ilikuwa ya kutupwa hata hivyo, na bushi pia. Bolti mpya ilipatikana jirani kwa fedha pungufu ya kopo moja. Wale vijana waliomaliza makopo walimtazama kana kwamba ameiba mtihani.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa makopo hawaliangalii, nalo ni mahali msuguano unapokaa. Unapokaza nati, takriban nusu ya nguvu ya mkono wako huliwa chini ya uso wa nati, pale inaposagana na washa. Kama asilimia 40 huliwa na uzi. Asilimia 10 inayobaki ndiyo inayoivuta bolti na kushikilia kazi. Kutu huvamia kote, lakini mpulizaji hulenga ncha ya uzi inayochungulia nje kwa sababu ndiyo anayoiona. Kule chini ya nati, kwenye nusu nzima ya ugomvi, hapelekewi hata tone.

Basi tazama mtu anayejua anavyofanya. Anaanza na brashi ya waya, anasugua uzi ulio nje mpaka chuma kinaonekana, maana nati itapita hapo ikitoka na hakuna sababu ya kuipitisha kwenye takataka. Anatia mafuta mepesi, yoyote, kwenye uzi na kwenye mstari wa nati na washa. Anaondoka. Akirudi anagonga kichwa cha bolti na pembe za nati kwa nyundo ndogo, mapigo mengi kuliko makali, kwa sababu mtikisiko ndio unaopasua kutu na kuyafungulia mafuta njia. Anatia tena. Anavalisha soketi ya pembe sita inayoshika pande za nati, si ile ya pembe 12 inayokula vichwa. Kisha anafanya jambo linalowashangaza wanafunzi: anajaribu kukaza kwanza, kidogo sana, kwa sababu mwendo wowote ni mwendo. Ikilia, anageuza. Anafungua robo ya mzunguko, anarudisha nusu ya hiyo, anatia mafuta, anafungua tena. Utaona uji wa kahawia ukitoka kwenye uzi. Ule ndio ushindi, ni kabari inayotoka kidogo kidogo. Anayevuta moja kwa moja bila kurudisha huurundika unga wote mbele ya nati, na bolti iliyokwisha kukubali hukatika ikiwa njiani.

Katika yote hayo, kopo limetajwa mara ngapi? Na pale lilipotajwa, ungeweza kuweka WD-40, CRC 5-56, au mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili safi kidogo, na fundi yule angemaliza kazi ileile. Mpe asiyejua dawa ghali kuliko zote na bado utamkuta na kichwa cha bolti mkononi.

Wapo pia wa upande wa pili kabisa, wanaojivunia kwamba wao hawanunui makopo, wanatumia oili chafu. Kwa ubahili nawaelewa, kwa hoja siwaelewi. Oili ya injini ni nzito, haipendi mianya myembamba, na ile iliyokwisha kutumika ina masizi na kemikali ambazo ngozi ikizizoea miaka na miaka huweza kuleta saratani. Kukataa kopo si fadhila yenyewe.

Mtu ataniuliza, kwani uchaguzi wa dawa hauna maana popote? Unayo, ila si pale wanapoutafuta. Kwenye breki una maana kubwa. Mipira ya mfumo wa breki unaotumia mafuta ya glikoli huvimba na kuharibika ikikutana na mafuta ya petroli, kwa hiyo nipo iliyopulizwa dawa hufutwa kabisa kabla ya kutoa upepo, na disiki haiguswi na mpulizo hata kwa bahati mbaya. Kwenye bushi na mipira mingine, silikoni ndiyo yenye adabu. Kwenye nati za tairi, usitie chochote unapokaza: vipimo vya kukaza vya watengenezaji wengi ni vya uzi mkavu, na uzi wenye mafuta kwa nguvu ileile ya mkono huivuta bolti kupita kiasi. Na kwenye injini za boti, bolti ya chuma kisichoshika kutu ikiwa ndani ya alumini, unachopambana nacho si kutu nyekundu bali unga mweupe wa alumini iliyoliwa. Hapo mafuta ni faraja tu. Joto ndilo lenye maana, kwa kuwa alumini hutanuka zaidi ya chuma hicho.

Uchaguzi wenye maana kuliko yote huja baada ya bolti kutoka, wakati kila mtu ameshachoka na hakuna anayeuliza swali. Nini kiwekwe kwenye uzi kabla ya kurudisha? Hapo ndipo pa grisi, au ile grisi ya shaba kwa sehemu zenye joto kama ekzosi. Kwenye bolti ya shokapu, grisi hupakwa shina zima linalokaa ndani ya bushi, si uzi peke yake. Kidole kimoja cha grisi leo kingemwokoa mtu na grainda miaka mitano ijayo. Kile kilichobaki kwenye kopo hakifai kazi hii, kitakuwa kimeruka hewani kabla mvua za masika hazijaanza. Lakini nenda gereji kumi, uhesabu ngapi zinapaka grisi bila kuambiwa.

Sababu ya imani hii kudumu, kwa maoni yangu, ni bili. Mwenye gari hulipia anachokiona. Kopo analishika, lina rangi, lina risiti, na likishindwa lawama inakwenda kwa kiwanda cha mbali. Subira haina risiti. Fundi akimwambia mteja, "Bosi, nimetia mafuta, nenda, urudi kesho," anaonekana mvivu, na jirani yake anayepuliza na kuning'inia anaonekana mchapakazi, hata kama atamaliza siku akitoboa kipande cha bolti kwa drili na kukata uzi upya kwa tepu. Kazi hiyo ya drili nayo inaingia kwenye bili, na inalipwa bila kelele, kwa sababu "kutu ilikuwa mbaya."

Kwa hiyo wenye magari ndio wa kuanza. Kazi ya bolti za chini ipelekwe jioni. Fundi apige brashi, atie mafuta mepesi aliyo nayo, agonge, atie tena, afunge gereji. Spana ishikwe asubuhi, na kwenye bili aandike kazi ya ile jioni kwa bei yake halali, kwenye mstari ambao siku hizi huandikwa jina la kopo.